Dole Lisilosomeka

Usigeuze uso. Mwanamke huyu unamfahamu, ila hukuwahi kumtazama. Siku ile ulipolazwa ukafunikwa shuka jeupe lenye harufu ya dawa, ulimshukuru Mungu, ukamshukuru daktari, ukamshukuru hata ndugu yako aliyeleta uji umeshapoa. Hukuuliza shuka lile jana yake lilikuwa la nani, lilitoka na nini mwilini mwake, wala ni mikono ya nani iliyolichovya na kulisugua mpaka likafaa kuguswa nawe. Ulipopona ukaenda zako. Yeye akabaki kulekule nyuma, njia ya mochwari inapokata kushoto, kwenye jengo lenye bomba la moshi na mlango usiofungika sawasawa. Ulipita pale. Ulisikia mashine ikinguruma, ukaongeza mwendo kwa sababu ya harufu.

Leo hupiti. Leo unasimama hapa unasikiliza.

Asubuhi ya Ijumaa hiyo alikuwa ameinamia sinki la saruji, mikono imezama mpaka viwikoni. Mashuka ya wodi ya wazazi hayatupwi kwenye mashine hivihivi. Kwanza yatolewe damu kwa mkono, kwa maji ya baridi, maana ya moto huipika damu ikashika daima. Kisha yalowekwe kwenye klorini. Kisha ndipo yaende kwenye mashine, na mashine zilikuwa mbili zamani, sasa inazunguka moja, ile nyingine imekuwa kabati la kuwekea mifagio.

Glovu zilikuwepo. Nyekundu, nene, za kufika kwenye kiwiko. Zilipotoboka wakaomba nyingine, wakaletewa zile nyembamba za daktari ambazo klorini huzila kabla hujamaliza rundo la kwanza. Baadaye hata hizo zikakata mguu. Ukiuliza unaambiwa ziko njiani. Njia hiyo lazima ni ndefu sana, maana waliouliza wa kwanza wameshastaafu.

Wenzake walimwita Chaki. Jina hilo lilitokana na vumbi jeupe alilokuja nalo kazini kwenye mkono wa sweta, kwa sababu kila jioni akitoka hapa alikwenda kwenye shule ya msingi ya jirani, akajibana kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yakigusa ubao, akasoma masomo ya sekondari pamoja na dereva mmoja, wauza mitumba wawili na askari wa getini wa benki aliyekuwa akisinzia na kofia kichwani. Mwanzoni jina lilikuwa la kumcheka. "Chaki, leo mmefundishwa a-e-i-o-u?" Mwaka wa kwanza walicheka. Mwaka wa pili wakaanza kumletea barua zao awasomee.

"Chaki," alisema shoga yake, dobi mwenzake wa miaka mingi, wakati wanakunja shuka, huyu kashika pembe za huku, yule pembe za kule. "Leo ndiyo leo?"

"Leo ndiyo leo. Wakifunga dirisha jioni, imetoka hiyo."

Dirisha lenyewe ni la ofisi ya elimu, ng'ambo ya barabara kuu. Ijumaa hiyo ilikuwa mwisho wa kuandikisha watahiniwa wa kujitegemea, yaani watu wazima kama yeye wanaosoma jioni na kwenda kufanya mtihani wa mwisho wa sekondari bila shule ya kuwasimamia. Orodha ingeondoka na gari Jumatatu asubuhi kwenda makao makuu. Asiyekuwemo hana mtihani. Na asiye na mtihani hana cheti, na asiye na cheti, kwa tangazo lililobandikwa mlangoni mwa dobi tangu mwanzo wa mwaka, hatakuwa tena mfanyakazi wa hospitali. Atakabidhiwa kwa kampuni ya usafi, afanye kazi ileile, kwenye sinki lilelile, bila likizo, bila matibabu, akiitwa kibarua. Mstari wa mwisho wa tangazo ulisema serikali inathamini elimu kwa wote.

"Ukipata cheti utatusahau," alisema shoga.

"Nitakusahau vipi, na shuka lina pembe nne? Lete huku."

Wakakutanisha pembe. Shoga akanyoosha kwa upande wake, Chaki akasema, "Ngoja. Hivi ndivyo hesabu zile zilivyo, unajua? Zile zenye herufi. Mwalimu anasema upande huu ukiufanyia jambo, na ule uufanyie. Ukivuta huku bila kuvuta kule, shuka linakwenda upogo. Ukivuta sawa pande zote, mwishowe kinabaki kile ulichokuwa unakitafuta, peke yake."

Shoga akalitazama shuka. "Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Na mimi walinichapa miaka yote ile kwa kitu hiki?" Akacheka mpaka akaliachia shuka likaanguka, ikabidi walirudie.

Hapo nataka usimame kidogo. Watu walikuwa wakimuuliza kwa nini anajitesa, na kila mtu alikuwa na jibu lake. Mumewe alimwambia ni kwa ajili ya mshahara. Bosi alimwambia ni kwa ajili ya tangazo. Binti yake mdogo alimwambia ni ili aweze kumsaidia kazi za shule. Yote kweli. Lakini chini kabisa, chini ya yote hayo, mama huyu alikuwa anapenda tu. Alipenda namna jibu linavyojitokeza. Alipenda kujua mvua inapanda kwanza ndipo inashuka. Kuna jioni aliwahi kurudi nyumbani kwa miguu huku akitabasamu peke yake barabarani kwa sababu ya pembetatu.

Msimamizi wa zamu, kijana ambaye Chaki mwenyewe alimfundisha kutofautisha madoa siku alipoajiriwa, na ambaye kwa kuwa alikuja na cheti alipandishwa akawa juu yake, alikuwa amemwahidi ruhusa asubuhi. Walimwita Bosi Mdogo, naye alilijua jina hilo na hakulichukia.

"Bosi, mimi natoka sasa."

"Mama, nguo za chumba cha upasuaji zimeingia. Toroli mbili."

"Uliniahidi."

"Niliahidi, mama, sikatai. Na mimi nina mtu juu yangu. Wakikosa magauni ya kijani mchana nitajibu nini? Maliza hizo, nenda, siku nzima bado."

Hakuwa mtu mbaya. Hawa wanaotuchelewesha mara nyingi si watu wabaya, ndiyo maana hatuwahi hata kuwakasirikia vizuri. Akarudi kwenye sinki. Shoga akaingiza mikono yake bila kuombwa, wakasugua pamoja mpaka jua likawa utosini.

Kisha, kabla ya kutoka, akafanya kosa ambalo ni dobi tu anaweza kulifanya. Alikuwa ameambiwa kwamba mwaka huu kuna mashine ya kuchukua alama za vidole, na kwamba vidole viwe safi. Akatazama mikono yake. Kwenye kucha kulikuwa na weusi, kwenye ncha za vidole rangi ya kijani ya magauni. Na kwa dobi, chochote kinachokataliwa kinakataliwa kwa sababu hakijatakata. Akamimina klorini kidogo kwenye kopo, ile yenyewe isiyochanganywa maji, akachukua brashi ya kusugulia kola, akasugua kidole kimoja kimoja kama anavyosugua doa la iodini. Viliwasha. Akasuuza, akasugua tena. Vikatoka vyeupe, laini, vinang'aa kama ganda la yai lililochemshwa.

"Unakwenda kuolewa?" shoga akamtania.

"Nakwenda kusomwa na mashine."

Foleni ilikuwa ndefu, imejikunja mara mbili kwenye varanda ya ofisi. Mbele yake alisimama fundi mwashi, mtu mrefu mwenye saruji kwenye nyusi, kitabu cha historia kimekunjwa mfukoni kama gazeti. Alikuwa mcheshi wa kuondoa woga wake mwenyewe.

"Dada, hii mashine ina maringo," akamwambia. "Wale vijana wa madukani inawapokea kwa bashasha. Sisi wa kazi ngumu inatutazama kama imetukopesha."

"Umeshajaribu?"

"Asubuhi. Imenikataa. Nikaambiwa niende nikapumzishe mikono. Nimeipumzisha pale chini ya ngazi tangu saa hiyo, nimerudi." Akapangusa dole gumba kwenye paji la uso. "Wanasema ukipaka jasho la usoni inasoma. Mafuta ya mwili, eti. Jaribu na wewe, jifanye unawaza."

Akajipangusa paji. Mwanamke wa nyuma yao naye akajipangusa. Muda si muda foleni nzima ilikuwa imeweka vidole kwenye mapaji kama watu wanaojaribu kukumbuka jambo walilolisahau wote kwa pamoja.

Fundi alifika dirishani. Mashine, kijisanduku chenye kioo kilichowaka kwa chini, ikapiga mlio mfupi. Akarudia. Mlio. Akabadilisha mkono. Mlio. Akageuka, akawachekea watu wa foleni. "Jamani, habari njema. Tukiiba benki hatushikwi." Watu wakacheka. Yeye alicheka kupita wote, na aliposhuka ngazi alikuwa bado anacheka, lakini kitabu alikuwa amekitoa mfukoni anakikunja na kukikunjua, anakikunja na kukikunjua.

"Anayefuata."

Karani alikuwa msichana wa umri wa binti yake mkubwa, amechoka, soda imeisha gesi pembeni yake. Akaingiza majina, akaingiza masomo. Risiti ya ada ilikuwa sawa. Picha ilikuwa sawa.

"Sababu ya kurudi kusoma, mama? Ajira, kupanda cheo, biashara, au nyingine?"

"Nyingine."

"Ipi?"

Chaki akasita. "Napenda."

Karani akainua macho kwa mara ya kwanza. Kisha akayashusha. "Nitaweka ajira, mama. Kompyuta haikubali kitu hicho. Haya, weka kidole. Bonyeza. Usikitikise."

Mlio.

"Kingine. Bonyeza zaidi. Sio sana. Kipanguse."

Mlio. Mlio. Vidole vyote kumi, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja mashine ikakipigia mlio uleule. Karani akauvuta mkono wake karibu na taa, akaugeuza. Akapitisha kidole chake juu ya kidole cha mama, taratibu.

"Mama, huku hakuna kitu."

"Hakuna nini?"

"Mistari. Vimekuwa laini kama kioo. Unafanya kazi gani?"

"Dobi. Hospitali."

"Ndiyo maana. Mashine haijakusoma, mama. Haisomi kabisa."

Haijakusoma. Lisikilize neno hilo. Mwanamke aliyejibana miaka yote kwenye dawati la mtoto ili asome, ameambiwa dirishani kwamba hasomeki.

"Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Kwa kawaida mtu anapumzisha mikono. Usiguse maji wala sabuni wala dawa, wiki kadhaa, mistari inarudi yenyewe."

"Nisiguse maji? Mimi?"

"Najua, mama. Na leo ndiyo mwisho." Karani akatazama nyuma yake, akashusha sauti. "Kuna njia moja. Mwajiri wako aandike barua kwamba vidole vimeharibika kwa ajili ya kazi, agonge mhuri. Ukiniletea kabla sijafunga, nakuingiza kwa mkono. Kimbia."

Akakimbia. Mama mtu mzima, viatu vya raba vya kazini, anavuka barabara kuu katikati ya magari huku dereva mmoja akimtukana na mwingine akimpisha. Hukumwona? Labda wewe ndiye uliyepiga honi.

Afisa utumishi wa hospitali alikuwa na ofisi yenye zulia na jagi la maji lililofunikwa kitambaa. Kitambaa kile Chaki alikifahamu. Alikipiga pasi yeye.

"Karibu, mama. Kaa. Nasikia unasoma. Safi sana, tunahitaji watu wa mfano kama wewe."

Akaeleza. Afisa akasikiliza kwa kutikisa kichwa, na kadiri alivyoendelea, kichwa kikapunguza kutikisika.

"Unajua unaniomba niandike nini?"

"Kwamba kazi imevila vidole."

"Mama, mimi nakuelewa kabisa. Lakini nikiandika kwamba kazi ya hospitali ndiyo iliyoviharibu, kesho mtu ataniuliza glovu zilikuwa wapi."

"Zilikuwa wapi?"

Afisa akasogeza jagi upande wa pili wa meza, ingawa halikuwa limemzuia kitu. "Isitoshe," akasema, "utaratibu unasema aliyeharibiwa na kazi apelekwe kupimwa kama bado anafaa kwa kazi hiyo. Wakisema hufai? Nitakuwa nimekusaidia, au nimekufukuzisha? Mimi nakuonea huruma wewe."

"Bosi, mimi naomba mtihani tu. Sitamshitaki mtu."

"Najua hutashitaki. Leo." Akafikiri. Kisha uso ukamkunjuka kama aliyepata ufumbuzi. "Ngoja. Barua nitakupa. Mhuri nitagonga. Wewe unataka barua yenye mhuri, siyo?"

Akaandika haraka, akatia sahihi, akapuliza wino, akagonga mhuri kwa kishindo, akaikunja mara mbili na kumkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima. Chaki akashukuru. Akasimama. Na palepale mlangoni, badala ya kuitia kifuani na kukimbia kama ambavyo angekimbia nayo mama yake asiyejua kusoma, akaifungua akaisoma.

Afisa hakuwa ametegemea hilo. Aliona midomo yake ikisogea.

"Hapa umeandika mimi ni mfanyakazi mtiifu," alisema Chaki polepole. "Asante. Halafu hapa umeandika, hana tatizo lolote la kiafya lililotokana na kazi."

"Ndiyo lugha yetu ya kiofisi, mama. Wale wanataka kuona mhuri tu. Hawasomi."

Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Barua nyingine hakuwa nayo, mtu mwingine wa kumwendea hakuwa naye, na mhuri ulikuwa umegongwa kweli, mwekundu, umekolea. Akaichukua. Usimlaumu. Na wewe ungeichukua.

Alipofika foleni ilikuwa imeisha. Karani alikuwa anazungusha waya wa mashine. Akaipokea barua, akaona mhuri, akatabasamu, akaanza kusoma. Tabasamu likafa katikati ya aya.

"Mama, hii inasema vidole vyako vizima."

"Basi mashine ni mbovu."

"Mashine si mbovu, mama. Imesoma watu siku nzima."

"Vidole vizima, mashine nzima. Mbona haisomi sasa?"

Nyuma ya karani mwanamume mmoja akaita kwa sauti, "Funga huko, tunachelewa!" Karani akaangalia barua tena kama vile maneno yangebadilika yakitazamwa kwa huruma.

"Ningekuingiza," akasema. "Wallahi ningekuingiza. Lakini hii nikiiambatanisha wataniuliza kwa nini nimemwingiza kwa mkono mtu ambaye mwajiri wake anasema hana tatizo. Nitafukuzwa mimi. Njoo mwakani."

"Mwakani vidole vitakuwa wapi?"

Karani akamsogezea karatasi ndogo. Ilisema mwombaji alifika ila hakuandikishwa, kwa kuwa alama hazikupatikana. Na kwa mazoea ya kazi, bila kuinua kichwa, karani akafungua kijisanduku cha wino wa bluu, akakisukuma mbele yake.

"Tia dole hapa, mama."

Sasa nikukumbushe jambo, maana wewe hukumbuki, au unajifanya. Kulikuwa na wakati magari yenye vipaza sauti yalizunguka mitaani yakiwaita watu wazima waje darasani. Taa zililetwa, mbao zililetwa, wazee walikaa na wajukuu wao kwenye benchi moja. Mama yake Chaki alikuwa miongoni mwao. Mwanamke yule alikuwa ametia dole maisha yake yote: kwenye hati ya shamba alilodhulumiwa, kwenye karatasi ya mkopo ambao hakuupata, kwenye cheti cha kifo cha mumewe. Aliposhika kalamu akajifunza kitu kimoja tu, jina lake, na siku alipoliandika akawakusanya wanawe akawaambia kuanzia leo nyumba hii hatii mtu dole. Kisha magari yakaacha kuja. Taa zikarudishwa bohari. Mbao zilikuwa nzuri, zikapelekwa kwenye ofisi za wakubwa kuandikia ratiba za vikao. Walituambia dole ni aibu ya asiyesoma, tukaamini, tukasoma. Tulipokwisha kusoma wakaleta mashine ya kuturudisha kwenye dole. Na madole yenyewe walikuwa wameshayala.

Chaki alikitazama kile kijisanduku cha wino.

"Dole lipi, mwanangu? Hili ulilosema halina kitu?"

Karani akashtuka, akaona alichokifanya, uso ukamwiva. "Samahani, mama. Ni mazoea. Basi, weka saini."

"Nipe kalamu."

Akaandika. Hakuweka saini ya kuviringisha. Aliandika majina yake yote matatu, herufi moja moja, kwa mwandiko wa darasani, mpaka yakavuka mstari na kwenda hadi ukingo wa karatasi. Alimaliza, akaweka nukta. Karani akasubiri bila kumharakisha. Ni heshima pekee aliyopewa siku hiyo, na hata hiyo ilikuwa kwenye karatasi ya kumkataa.

Nyumbani binti alikuwa amekwisha kupika. Mumewe, fundi viatu, alikuwa kwenye kigoda anashona soli, misumari midomoni. Kwa muda mrefu masomo haya yalimkera. Aliwahi kusema mbele za watu kwamba ameoa mwanafunzi, na jioni nyingine aliificha taa. Chaki hakusahau.

"Wamekuandika?"

"Mashine haijanisoma."

"Haijakusoma vipi?"

Akamnyooshea mikono. Mume akatema misumari kwenye kiganja, akaishika ile mikono, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni. Akapitisha dole lake gumu, lililojaa mikwaruzo ya uzi, juu ya dole la mkewe lililo laini.

"Tangu lini iko hivi?"

"Wewe hukuwahi kuishika?"

Mume akairudisha misumari midomoni mmoja mmoja, ingawa hakuwa na soli ya kupigilia tena. Binti akasema, "Mama, mwakani utaenda," na mama akamwitikia kwa upole ule ambao mtu humwitikia mtoto anayemfariji.

Kisha akachukua daftari lake kwenye dirisha. Binti akamuuliza anakwenda wapi. Darasani, akasema. Ni Ijumaa, kuna hesabu. "Lakini mtihani hufanyi." Alikuwa ameshafika barabarani. Alijibana kwenye dawati lake la kila siku. Fundi mwashi alikuwepo pia, dawati la nyuma, ametulia, hacheki. Mwalimu akaandika ubaoni upande huu na upande ule. Chaki alinakili kila kitu, na kalamu ikawa inateleza kidogo, maana kidole laini hakiishiki vizuri kalamu. Hilo nalo hakuna aliyemwambia kabla.

Jumatatu atakuwa kwenye sinki. Mwisho wa mwaka atakabidhiwa kwa kampuni pamoja na ndoo na brashi. Yeye hana pengine pa kukimbilia, ameshakimbia kote, umemwona.

Lakini gari la orodha halijaondoka. Linaondoka Jumatatu asubuhi, na barua iliyosema uongo bado ina sahihi ya mtu, na mtu huyo ana mlango, na mlango unagongwa. Wewe uliyelalia shuka lile unazo siku mbili. Kama una mhuri, andika kilichoiharibu mikono hiyo, ugonge. Kama unamfahamu mwenye mhuri, nenda kwake sasa, hata kama anakula. Kama huna lolote, nenda kasimame mbele ya gari na uulize kwa sauti glovu ziko wapi, na usiondoke mpaka mtu ajibu. Usiniambie utafikiria. Tazama dole lako. Lina mistari? Linasomeka? Basi linyanyue, na mwili wako wote uliobaki ulifuate. Inuka.